Mwiko au Kipimo? Istilahi za Mlo wa Mgonjwa wa Kisukari

Kazi ya istilahi haiishi pale inapokubaliwa na wataalamu na kuingizwa katika orodha. Istilahi za afya, hasa, hutoka katika orodha hizo zikamfikia mkulima, naye akazigeuza kuwa vitendo. Kwa hiyo ni haki kuzihakiki kwa swali hili: aliyelisikia neno amekwenda kufanya nini? Makala hii inayahakiki kwa swali hilo maneno yatumikayo katika kumshauri mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili juu ya mlo wake.

Jambo lenyewe si dogo. Utafiti uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta kiasi cha mtu mmoja mwenye kisukari katika kila watu mia wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta wapatao 9 kwa kila mia. Marika na njia za upimaji hazikuwa sawa, lakini hakuna awezaye kusema tena kwamba huu ni ugonjwa wa watu wachache. Katika aina ya pili mwili hautumii insulini ipasavyo, na hatimaye kongosho hushindwa kutoa insulini ya kutosha. Mlo ni sehemu ya matibabu tangu siku ya kwanza. Ushauri wa mlo ukieleweka vibaya, hasara hufika kwenye macho, figo na miguu.

Tuanze na jina la ugonjwa. Neno kisukari limeundwa vizuri kwa kanuni za Kiswahili na limekwisha kukubalika, hatupendekezi libadilishwe. Hata hivyo, kosa lake ni kwamba linaielekeza akili kwenye bakuli la sukari. Msikilizaji huhitimisha kuwa dawa ni kuacha sukari katika chai, na akishaiacha hujiona amemaliza wajibu wake. Pengine huweka asali mahali pa sukari, kwa kuwa asali haina jina hilo, ingawa ndani yake imejaa sukari.

Hitimisho hilo lina madhara zaidi mahali ambapo chakula kikuu hakina utamu. Tuchukue mfano wa Masukulu, kata ya Wilaya ya Rungwe, katika nchi ya migomba inayoizunguka Tukuyu. Huko chakula cha kila siku ni ndizi za kupika, ugali, viazi na magimbi, na mchele wa Kyela hauko mbali. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho ulimi utakiita sukari, lakini vyote vina wanga, na tumbo huugeuza wanga kuwa glukosi, yaani sukari ile ile inayopimwa katika damu. Ndizi yenyewe ni mwalimu mzuri wa jambo hili: inapoiva, wanga wake hugeuka kuwa sukari. Tena jina kisukari ni la aina mojawapo ya ndizi fupi tamu. Mkulima anaweza kuiepuka ndizi hiyo kwa sababu ya jina, kisha akala sahani mbili za ndizi mbichi zilizopikwa, na asijue kwa nini kipimo chake hakishuki.

Je, neno wanga linatosha kumwonya? Kwa mwanakemia linatosha. Kwa watu wengi, wanga ni unga mweupe wa kukazia nguo, au ni wingi wa mwanga, yule mchawi wa usiku. Tena kuna mgawanyo uliofundishwa shuleni kwa miaka mingi, wa vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Zama hizo, kama jina la kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 lionyeshavyo, shabaha ilikuwa kumlisha vema mwananchi aliyepungukiwa, na mgawanyo huo ulifaa. Lakini leo mgonjwa akiambiwa apunguze vyakula vya kutia nguvu, anasikia kwamba anashauriwa awe dhaifu. Mtu anayeamka alfajiri kwenda shambani hawezi kuutii ushauri wa namna hiyo, wala si haki kumlaumu.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, limo katika neno masharti. Mgonjwa "hupewa masharti ya chakula" hospitalini, kama vile ambavyo mganga wa kienyeji humpa masharti mteja wake. Sharti la namna hiyo ni mwiko, na mwiko hauna kadiri: ama umeushika ama umeuvunja. Mlo wa kisukari haukujengwa juu ya mwiko, umejengwa juu ya kipimo. Mgonjwa aliyefundishwa mwiko huuliza, "Nimekatazwa nini?" Akijibiwa kwamba dona ni bora kuliko sembe, hula dona bila kikomo, maana haikukatazwa. Aliyefundishwa kipimo huuliza, "Nile kiasi gani?" Huyo anaweza kuelezwa kwamba nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe ndizi au ugali, na robo iliyobaki iwe maharage, samaki au nyama. Ndizi zake zinabaki mezani, ila zimepungua.

Lipo pia suala la matokeo. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa karibu nusu ya wagonjwa wa aina ya pili waliopunguza chakula na uzito chini ya uangalizi walikaa bila dawa za kisukari, sukari yao ikiwa chini ya kiwango cha ugonjwa, baada ya mwaka mmoja. Kusema wamepona ni kuwadanganya, kwa sababu uzito ukirudi ugonjwa nao huweza kurudi. Wanajiografia husema volkano imelala, wala hawasemi imekufa. Mlima Rungwe ni mfano. Kwa hali hiyo ya ugonjwa tunapendekeza neno kutulia.

Kwa hiyo mapendekezo yetu ni haya. Kwanza, neno kisukari lidumu, lakini ushauri utaje "sukari ya damu" na "sukari ya kutia katika chai" kama vitu viwili. Pili, neno wanga lisitumike peke yake, bali lifuatwe na majina ya vyakula vya mahali husika. Tatu, vyakula vya kutia nguvu liachwe katika ushauri wa kisukari. Nne, masharti ya chakula lipishe kipimo cha mlo. Tano, kudhibiti, kutulia na kupona yatenganishwe, na mgonjwa aambiwe wazi kwamba kutulia si ruhusa ya kuacha dawa bila daktari.

Wasomaji, hasa wauguzi na maafisa lishe wa vijijini, wanaombwa watuletee maneno yanayotumika kwao. Istilahi hizi hazitakamilika bila wao.