Porti imefunguliwa, mbona kamera hazionekani Korogwe?

Mwenye duka la pembejeo anaishi Korogwe, duka liko Handeni. Kati yao kuna kilomita 65 hivi za lami, na anachotaka si kikubwa: akishika simu aone kaunta, rafu za mbegu na mlango wa stoo. Fundi amefunga kamera nne, akaziunganisha na kinasa, kinasa akakichomeka kwenye ruta ya laini ya simu. Ndani ya duka picha safi kabisa. Ukifika stendi, hakuna kitu. Fundi anarudi kwenye ruta, anafungua porti, anazima na kuwasha, anafungua porti nyingine. Wapi! Nimechagua mfano huu kwa sababu ni wa kawaida mno, na mara nyingi kosa hutafutwa mahali ambapo halipo.

Sehemu kubwa ya kazi ya fundi huyu ilikuwa sahihi. Kwanza alikipa kinasa anwani ya ndani isiyobadilika, tuseme 192.168.8.50. Asingefanya hivyo, umeme ungekatika usiku na asubuhi ruta ingekipa kinasa anwani nyingine, na kazi yote ingekuwa bure. Kisha akaingia kwenye ruta. Nyingi za Huawei zinazotumia laini hufunguliwa kwa kuandika 192.168.8.1 kwenye kivinjari, na kwenye mipangilio ya usalama kuna chaguo lililoandikwa Virtual Server. Hapo hujazwa porti ya nje, porti ya ndani, anwani ya kinasa, na kama itifaki ni TCP au UDP. Vinasa vya Hikvision kwa kawaida husikiliza porti 8000, vya Dahua 37777, na picha za moja kwa moja za RTSP hupita 554.

Ukishahifadhi, ruta inakuwa na agizo: atakayebisha hodi kutoka nje kwa porti 8000, apelekwe kwa 192.168.8.50. Pasipo agizo hilo ruta haijui mgeni anamtafuta nani, basi haimfungulii. Majibu ya kitu kilichoombwa kutoka ndani huyapitisha bila shida. Kisichoombwa hubaki nje.

Kuna kipimo kimoja ambacho mafundi wengi hukikosea. Kujaribu anwani ya nje huku simu ikiwa kwenye waifai ya dukani hakuthibitishi chochote, maana ruta nyingi za bei ndogo haziwezi kutoka na kujirudia zenyewe. Zima waifai, tumia data ya simu, ndipo ujaribu.

Lakini kabla ya hayo yote kuna jambo la kuangalia, nalo halichukui hata dakika mbili. Fungua ukurasa wa ruta unaoonyesha hali ya muunganisho, usome anwani ambayo ruta yenyewe imepewa na mtandao. Halafu, ukiwa kwenye waifai hiyohiyo, fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako. Zikilingana, endelea na porti zako. Zikitofautiana, funga kompyuta, unywe chai. Anwani ya ruta ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, duka haliko kwenye intaneti moja kwa moja. Kati yake na dunia kuna ruta nyingine kubwa mno, ya kampuni ya simu, na hiyo fundi wa Handeni hana ufunguo wake.

Hali hii haikuja kwa uzembe wa mtu. Anwani zote za IPv4 ni takriban bilioni 4.3, na akiba kuu ya dunia iligawiwa yote Februari 2011. Mwaka uliofuata, Aprili, kundi la 100.64 lenye anwani kama milioni 4 lilitengwa rasmi ili makampuni yawaweke wateja wengi nyuma ya anwani chache. Kwa upande wetu, AFRINIC, shirika linalogawa anwani Afrika likiwa na makao yake Mauritius, liliingia awamu ya mwisho ya kubana matumizi Januari 2020: mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Kampuni yenye mamilioni ya laini itafanyaje? Itawachanganya wateja. Anwani moja ya nje ina porti 65,536, nazo hugawanywa kwa muda mfupi mfupi kwa yeyote anayehitaji kutoka. Porti 8000 ya anwani hiyo haikutengwa kwa ajili ya duka letu. Anayebisha hapo anaishia kwenye mitambo ya kampuni, hata njia panda ya Segera hajaiona.

Dawa ya kwanza ni kuomba anwani ya nje, ambayo kwa kawaida hulipiwa zaidi. Hata mwenye faiba aulize kwanza, kwani faiba peke yake si hakikisho.

Ya pili ni programu ya simu ya mtengenezaji wa kamera, ile ya kupiga picha msimbo wa mraba ulio kwenye kinasa. Kinasa chenyewe huita seva ya mtengenezaji, na mwenye duka anaonana nacho kupitia huko. Inafanya kazi, ni ya haraka, na kwa wengi inatosha. Mimi siipendi sana, maana unamkabidhi mtu wa mbali mlango wa stoo yako.

Ya tatu ndiyo ningeichagua: handaki. Kodi seva ndogo yenye anwani ya nje, weka WireGuard, kisha kifaa cha dukani, mathalani ruta ya MikroTik yenye RouterOS toleo la 7, kiipigie seva hiyo. Kwa kuwa mawasiliano yanaanzia ndani, ruta ya kampuni haina sababu ya kuyazuia. Mpangilio mmoja usisahaulike: kifaa cha dukani kitume ishara kila sekunde 25, la sivyo njia itafungwa kimya kimya kikikaa bila kutumika. Simu ya Korogwe nayo inaingia kwenye handaki hilohilo na kukiona kinasa kwa 192.168.8.50, kana kwamba iko kaunta. Seva ikiwa Frankfurt, picha itaenda Ujerumani na kurudi ili kuvuka zile kilomita 65. Ni kichekesho, lakini ndivyo.

Handaki hili ni VPN. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni wanaotumia VPN watoe taarifa kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, kwa hiyo fundi amwambie mteja wake mapema.

Kwa atakayebahatika kupata anwani ya nje: badilisha nywila ya kinasa kabla ya kufungua porti yoyote. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera, vinasa na ruta kwa maelfu kwa kujaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vikatumika kuiangusha kampuni ya Dyn ya Marekani. Kubadilisha porti ya nje kutoka 8000 kwenda 48123 hakumfichi mtu. Wanaopekua intaneti hujaribu zote.

Iliyobaki ni hesabu ya bando. Picha ya megabiti 2 kwa sekunde hula megabaiti 900 kwa saa, na kwa njia ya handaki laini zote mbili hulipa, ya Handeni ikipakia na ya Korogwe ikipakua. Mkondo mdogo wa kilobiti 256 hula kama megabaiti 115. Kwa kuangalia nani yuko kaunta, huo unatosha. Mkubwa uwashwe siku mzigo wa mbolea unaposhushwa.