Mjukuu Aliyejileta: Ukoo na Umiliki katika Tawasifu ya Tippu Tip

Katika familia zetu za Kasongo na Kabambare, shauri la nyumba ya marehemu huwa zito pale anayetakiwa kuhama anapojibu: "Na mimi ni mtoto wa nyumba hii." Mpangaji hupewa muda akatoka, anayejiita ndugu hatoki mpaka ukoo wenyewe uchunguzwe. Makala haya yanadai kwamba jibu hilo ndilo kiini cha sehemu mashuhuri ya Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip, ambayo ni rahisi kuisoma kama hila ya mfanyabiashara tu.

Tawasifu hiyo, iliyochapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902-1903, inasimulia safari ya Utetela mwanzoni mwa miaka ya 1870. Msimulizi anapata habari za mtawala mzee, Kasongo Rushie, ambaye dada zake wawili walitekwa zamani. Anajitambulisha kuwa mjukuu wa mmoja wao. Mzee anamkubali, anamwachia utawala, na pembe za ndovu zinafuata.

Tuangalie kazi ya lugha hapa. Neno "mjukuu" halielezi tu uhusiano; linauumba. Kabla ya kutamkwa, msemaji ni mgeni anayeweza kufukuzwa. Baada ya kutamkwa, anayemfukuza ndiye mkosaji, kwa kuwa anamfukuza damu yake. Bunduki anazo, lakini mlango umefunguliwa na nasaba.

Udhaifu wa matini umo katika mgawanyo wa sauti. Ridhaa ya mzee tunaisikia kwa kinywa cha aliyefaidika nayo. Waliokuwa na haki ya kumrithi karibu hawana kauli. Msomaji asichukue ukimya huo kuwa kibali.

Historia iliongeza funzo chungu. Mji wa Kasongo wa Maniema, uliokuwa ngome ya Tippu Tip na jamaa zake, ulitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo, yakiongozwa na Dhanis, tarehe 22 Aprili 1893. Mkaaji mmoja aliondolewa, lakini nyumba haikurudi kwa wenyewe. Aliingia mwingine, naye hakujisumbua hata kudai undugu.

Kwa hiyo mwanafunzi wa fasihi, kama mzee wa baraza la familia, aanze na swali moja: nasaba hii imeshuhudiwa na nani, zaidi ya yule anayeilalia nyumba?