Namba 2, namba 16, namba 7: mechi ya kwanza ya Trevor Lawrence tunaielezea vibaya

Kuko hadithi moja yenye wapenzi wa mupira wa Marekani hawachoke kurudilia. Kijana wa miaka 18, nywele ndefu za rangi ya zahabu, murefu kama mulingoti, anatoka Cartersville, muji mudogo wa jimbo la Georgia. Anafika chuo kikuu cha Clemson, anatosha mukubwa wake ku nafasi, na mwisho wa musimu anabeba kikombe bila kupigwa ata mechi moja. Jina lake Trevor Lawrence. Hadithi ni ya kweli, kila tarehe iko sawa. Lakini gisi tunaielezea, mimi naona kuko uongo ndani, na uongo ule unakaa pahali pamoja: siku yake ya kwanza ya kuanza mechi, tarehe 29 mwezi wa 9, 2018.

Nimetazama ile mechi yote mara mbili, mbali na zile resimé za dakika chache zenye zinazunguka kwenye simu. Ku resimé unaona Lawrence anaingia, uwanja wa watu zaidi ya 80 000 unapiga kelele, kisha picha zinaruka moja kwa moja mupaka mwezi wa 1, 2019, kikombe juu. Mechi yenyewe imepotea katikati. Na ninaelewa juu ya nini: haifanane na hadithi.

Kwa wale hawajazoea ule mupira, maelezo ya haraka. Kila ekipi iko na wachezaji 11 uwanjani. Inapewa majaribio 4 ya kusogeza mupira yadi 10, karibu metre 9. Ikifaulu, inapata mengine 4. Ikishindwa, mupira unaenda kwa wengine. Uwanja ni yadi 100. Mwenye kupokea mupira karibu kila jaribio, mwenye kuamua kutupa ao kumupa mwenzake akimbie, njo anaitwa kwotabeki. Wengine wote wanaweza kugawana kazi: huyu dakika kumi, yule dakika kumi. Kwotabeki hapana. Kwa kawaida iko mumoja, wengine wanakaa pembeni na kofia yao ya chuma mukononi, wanaweza kukaa vile miaka miwili, mitatu, bila kutoka jasho. Kwa hiyo mutu mumoja akianza kwa mara ya kwanza, kuko mwingine mwenye alianza kwa mara ya mwisho. Hii ya pili haina resimé.

Mwenye alianza kwa mara ya mwisho aliitwa Kelly Bryant, namba 2, mutoto wa palepale South Carolina. Alikaa nyuma ya Deshaun Watson, akangojea zamu yake. Watson alipoenda, Bryant akapewa ekipi mwaka wa 2017, akaifikisha mu nusu fainali ya ubingwa wa nchi, ambako Alabama iliwapiga 24-6. Kwa jumla, mechi 18 zenye alianza, alishinda 16. Musimu wa 2018 alianza mechi 4, zote wakashinda, pamoja na ile ya Texas A&M, 28-26, ugenini, mbele ya watu zaidi ya 100 000. Siku ya posho alishinda ya ine, juu ya Georgia Tech, 49-21. Siku ya kwanza, kocha Dabo Swinney akatangaza: kuanzia sasa ni Lawrence, namba 16.

Wenye kupenda Bryant walisema kocha alimuonea. Mimi sikubali. Zile wiki ine, Lawrence alikuwa anaingia kwa zamu na Bryant, na juu ya Georgia Tech alitupa pasi 4 zenye zilileta pointi. Mutu akitazama bila upande, anaona tofauti: mupira unatoka mukononi mwake mapema, unafika mbali, na wenzake wanaukimbilia bila kusita. Bryant alikuwa mutu wa miguu, wa kukimbia na kuvumilia kugongwa. Kocha wa mupira analipwa kuchagua mwenye atashinda ile mechi ngumu ya mwezi wa 1, na Bryant alishajaribu, tukaona. Uamuzi ulikuwa wa haki. Lakini uamuzi wa haki unaweza kuumiza mutu, na pale njo hadithi inaanza kudanganya.

Juu siku mbili nyuma ya tangazo, siku ya tatu ya ile wiki, Bryant aliondoka mu ekipi. Watu wakapandisha hasira: eti ametupa wenzake, eti hana moyo. Makocha wa Marekani wanapenda sana neno «jamaa», na mutu akitoka mu jamaa anaonekana musaliti. Lakini angalieni sheria. Mwaka ule ule wa 2018 sheria mupya ilianza: mwanafunzi mwenye hajacheza zaidi ya mechi 4 mu musimu, ule mwaka hauhesabiwe mu miaka yake ya kucheza. Bryant alikuwa amecheza 4 kamili. Angekanyaga uwanja dakika moja tu mu mechi ya tano, mwaka wake wa mwisho ungeisha pale, ku benchi, anapiga makofi. Aliona mulango, akatoka, mwaka wenye ulifuata akaenda kucheza Missouri. Kama kocha iko na haki ya kuchagua kwa hesabu, muchezaji pia iko na haki ya kuhesabu. Sijasikia mutu akimuita Swinney musaliti mwezi wa 4, 2019, alipotia sahihi mukataba wa miaka 10 na dolari milioni 93. Wachezaji, wakati ule, walikuwa wanapata minervali, chakula na pa kulala. Ruhusa ya kutafuta feza kwa jina lao wenyewe ilikuja tu mwezi wa 7, 2021.

Sasa mechi. Mupinzani ni Syracuse. Wenye kufwata wanakumbuka: mwaka wenye ulitangulia, tarehe 13 mwezi wa 10, 2017, Syracuse njo iliwapiga Clemson 27-24, na ile siku Bryant aliumia mbele ya mapumziko, mwingine akaingia pahali pake. Shikeni hiyo.

Lawrence anaanza. Si mubaya, si wa ajabu. Anatupa pasi 15, 10 zinashikwa, yadi 93, ata moja haileti pointi. Anacheza kama kijana mwenye alisoma vizuri lakini anaogopa mutihani: majibu yote ni sahihi na mafupi. Kisha, robo ya pili inakaribia kuisha, anakimbia na mupira yeye mwenyewe, anagongwa karibu na mustari wa pembeni, anaanguka. Hakurudi tena ile siku. Mechi ya kwanza yenye watu wanaitolea machozi ilidumu chini ya nusu. Mupinzani ni yule yule, saa ni karibu ile ile, mbele ya mapumziko, sawa na Bryant mwaka wenye ulitangulia. Kama ni mwandishi wa riwaya alitunga hivi, tungemwambia amezidisha.

Na ku benchi hakuna Bryant. Ameenda siku tatu mbele. Wengine wawili wenye wangeweza kuwa pale, Hunter Johnson na Zerrick Cooper, walishahama mu vyuo vingine ule mwaka, juu kila mutu aliona Lawrence anakuja. Mwenye amebakia ni Chase Brice, namba 7. Ni mutu mwenye hakuna aliyepanga acheze.

Brice anaanza vibaya, ninasema bila kumuonea. Anatupa pasi kwa mupinzani. Mu robo ya ine Clemson inajikuta nyuma pointi 10. Kama mechi inaokolewa, inaokolewa kwanza na Travis Etienne, mukimbiaji, mwenye alipewa mupira mara 27 na akatembea yadi 203. Ile siku Clemson iliacha kucheza mupira wa kisasa, ikarudilia mupira wa bababu: mupe mutu mwenye miguu, wengine wafungue njia. Wale wanene wa mustari wa mbele, wenye hakuna mutoto anavaa jezi yao, njo walitumika kuliko wote.

Inafika 23-20. Clemson inapata mupira ku yadi 6 yake, maana yake yadi 94 za kutembea, karibu uwanja wote, na saa inaenda. Wanapanda pole pole. Mara wanakwama: jaribio la ine, yadi 6 zinahitajika. Wakikosa, imeisha, musimu wa 15-0 hauko, kikombe hakiko, na Lawrence anabakia yule kijana mwenye alipewa ekipi ya mutu na ikapotea siku ya kwanza. Brice anapokea mupira, anarudi nyuma hatua chache, anatupa kwa Tee Higgins. Yadi 20. Jaribio lenye lilifuata, anashika mupira mwenyewe, anakimbia yadi 17, mutu mwenye hakuna alimujua kwa mbio. Zikibakia segonde 41, Etienne anaingia. 27-23.

Mimi pale nilisimamisha picha nikarudisha nyuma. Si juu pasi ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa pasi ya kawaida, pasi yenye Lawrence angeitupa akiwa anafikiri mambo ingine. Nilirudisha juu ya sura ya uwanja. Watu 80 000 walikuja kuona mumoja, na sasa wanamulomba mwingine, na wengi wao, nina hakika, jina lake walilisoma ku mugongo.

Mutaniuliza: iko shida gani? Wameshinda, kijana alipona, hadithi imeisha vizuri. Shida ni kwamba hii hadithi tunaitumia. Kila mara mumoja wetu anapata kazi ya kwanza, wajomba wanaikariri kwa njia yao: kipaji hakifichame, nafasi ikija mutu anajionyesha. Mimi kazi yangu ya kwanza nilipewa meza ya kaka mumoja mwenye alinionyesha kwanza gisi ya kufungua kompyuta yake na wapi raporo zinakaa. Ilikuwa siku ya kwanza. Siku ya tatu hakuja tena. Mu ofisi hakuna aliuliza, na mimi pia sikuuliza, nilikuwa na furaha mingi. Mwezi wenye ulifuata nikagonjwa malaria wiki nzima, na raporo yenye ilinifanya nisifiwe iliandikwa nusu na dada wa staji mwenye hawakumulipa ata franga ya transporti. Nikisikia hadithi ya Lawrence yenye kukatwa, nasikia raporo yangu.

Siseme kama Lawrence aliiba kitu. Ningekuwa muongo. Wiki yenye ilifuata alirudi, wakapiga Wake Forest 63-3. Tarehe 7 mwezi wa 1, 2019, kule Santa Clara, California, Clemson iliwapiga Alabama 44-16, na Lawrence alitupa yadi 347 na pasi 3 za pointi, mu mwaka wake wa kwanza wa chuo. Tangu Jamelle Holieway wa Oklahoma mu 1985, hakuna kwotabeki wa mwaka wa kwanza mwenye alibeba ubingwa wa nchi akiwa ndiye mwenye kuanza. Kwa jumla mechi 36 zenye alianza pale Clemson, alipoteza 2 tu, na mu 2021 Jacksonville ikamuchagua wa kwanza mbele ya wote. Ile mechi ya Alabama, mutu mwenye kupenda mupira aitazame bila kukata. Ni nzuri mupaka inaudhi.

Lakini ile ni mechi yake ya mwisho ya musimu, na watu wanaibandika juu ya ya kwanza kama bango mupya juu ya ukuta wa zamani. Brice alikaa pale mupaka akaona hakuna nafasi, akaenda Duke, kisha Appalachian State, akaanza mechi zake kule. Bryant alicheza mwaka mumoja Missouri. Siku ya kuchagua wachezaji mu 2020, jina lake halikuitwa.

Mukipata mechi nzima na mègabaiti hazitoshe, musianzie mwanzo. Muende moja kwa moja ku robo ya ine, pale inaandikwa 23-20 na mupira uko ku yadi 6. Kamera itamutafuta namba 16. Ninyi muangalie namba 7.