Micro:bit Imetua Buguruni, na Darasa la Nne Halikukalika

Jamani, micro:bit ni balaa! Habari zake nilikuwa nazisoma muda mrefu, video zake nimezitazama mpaka bando limekata, lakini kuishika mkononi ndani ya darasa la nne, kwenye shule ya msingi hapahapa Buguruni, watoto wamebanana mezani na kila mmoja anataka kugusa, hiyo ni habari nyingine kabisa. Niseme mapema: katika vifaa vyote vya teknolojia nilivyoviona vikiingia shule ya msingi, hakuna kilichonipandisha mzuka kama hiki.

Kwa asiyeijua, ni kompyuta ndogo ya sentimita 5 kwa 4. Haina kioo wala kibodi, na viungo vyake vyote vipo nje unaviona. Usoni ina taa 25 nyekundu, tano kwa tano, na vitufe viwili, A na B. Chini ina ukingo wa rangi ya dhahabu wenye matundu ya kubania nyaya. Inapima joto, ina dira, na inajua ukiitikisa au ukiiinamisha. Toleo la pili, lililotoka mwaka 2020, limeongezewa spika na maikrofoni. Chimbuko lake ni mpango wa BBC wa Uingereza, ambao mwaka 2016 uligawa kadi zipatazo milioni moja kwa wanafunzi wa miaka 11 na 12. Na sikia hili: inakula betri mbili ndogo, zilezile za rimoti! Umeme ukikatika mtaa mzima, kipindi kinaendelea.

Kadi zetu mbili ziliagizwa kutoka nje. Vingine vyote tumevipata bila kuhangaika: nyaya na vibanio Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwenye maduka ya vifaa vya simu, misumari duka la vifaa vya ujenzi, ndoo ya shule. Waya wa kuiunganisha na kompyuta ni ule mwembamba wa kuchajia simu za zamani, ambao kila nyumba inao umelala kwenye droo. Hata huo hatukuuhitaji, kwa sababu mwalimu alikuja na kishikwambi.

Hapo ndipo moyo wangu uliporuka. Mnakumbuka sensa ya tarehe 23 Agosti 2022? Serikali ilinunua vishikwambi 205,000 kwa ajili ya makarani, na kazi ilipoisha vikaelekezwa kwa walimu. Vingi vinatumika kuandalia masomo na kutuma taarifa, na hiyo ni kazi ya maana. Lakini kishikwambi hichohicho kinaongea na micro:bit kwa bluetooth! Unaweka programu yake, unashika A na B kwa pamoja, unabonyeza kitufe kidogo cha nyuma, mchoro unatokea kwenye taa, unauchora uleule kwenye kishikwambi, basi, vimeshajuana. Maelekezo mliyoyapanga yanasafiri hewani mpaka kwenye kadi. Mtoto mmoja aliinua mkono juu ya meza akiusogeza polepole, anatafuta pale yanapopita.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Mwalimu hakutaka michoro ya moyo na nyuso za kucheka ambazo kila mtu huanza nazo. Aliwauliza watoto kitu kimoja: mvua ikinyesha usiku, nani kwao maji yanaingia? Mikono ikapanda. Buguruni ni jirani wa bonde la Mto Msimbazi, mto unaoanzia milima ya Pugu na kuingia baharini pale Daraja la Selander, na mitaa ya huku chini, Mnyamani na mingine, inaijua hasira yake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Watoto hawa walikuwa hawajazaliwa, lakini habari wanazo, na wengine wana za kwao wenyewe za juzijuzi. Basi, akasema mwalimu, leo tunatengeneza kengele ya maji.

Misumari miwili ikafungwa kwenye kijiti, ikiachana kidogo, ikashushwa ndani ya ndoo tupu. Msumari mmoja umeungwa na tundu lenye umeme wa volti 3, wa pili na tundu namba 0. Kadi inasoma umeme uliovuka kutoka msumari mmoja hadi mwingine na kuuandika kwa namba kati ya 0 na 1023. Ndoo ikiwa kavu, namba inachezacheza huko chini. Wakaanza kumimina maji kwa kopo. Kimya. Maji yanapanda, yanapanda, yakagusa ncha za misumari, na namba ikaruka hadi mamia mengi! Darasa zima juu! Sijawahi kuona watoto wakishangilia namba.

Na hapo kazi ndiyo ikaanza kunoga, maana kengele lazima ijue ilie lini. Waweke mpaka kwenye ngapi? Mmoja akasema 300, mwenzake akabisha kwamba hata ikiwa kavu kuna wakati inakaribia hapo, itawaamsha watu bure. Wakapima tena kavu, wakapima tena kwenye maji, wakaandika ubaoni, wakakubaliana 500. Hawa ni watoto wa darasa la nne wanabishana kwa vipimo, na hakuna aliyewafundisha neno "utafiti."

Kisha msichana wa dawati la pili akauliza, "Mwalimu, tukitia chumvi?"

"Chumvi tunayo?"

Akachomoka mbio hadi kwa mama lishe wa getini. "Shikamoo mama, tunaomba chumvi kidogo, ya sayansi!" Akarudi nayo kiganjani. Ikakorogwa, na namba ikapanda zaidi, kwa kuwa chumvi ikiyeyuka maji yanapitisha umeme vizuri zaidi. Mwalimu alikuwa ameipanga mada hiyo kwa wiki inayofuata. Ikafundishwa palepale, watoto wakiwa na ndoo mbele yao na vidole vilivyolowa.

Nimeacha tamu ya mwisho. Kadi hizi zinazungumza zenyewe kwa zenyewe kwa redio, bila intaneti, bila laini, bila salio. Tukaacha moja na ndoo nje karibu na bomba, ya pili ikabaki mezani darasani. Mtoto wa nje akafungulia maji. Sekunde chache baadaye, kwenye taa 25 za mezani, herufi zikaanza kupita moja baada ya nyingine: M, A, J, I. Na ikalia! Mvulana mmoja anayeishi Mnyamani akasema taratibu kwamba kwao maji huanzia uani, kwa hiyo moja ikae uani na nyingine chumbani kwa bibi. Ameshaipanga nyumba yao kichwani.

Mtu atauliza kwa nini tusiwape watoto vishikwambi tu vyenye masomo. Nami navipenda hivyo pia, na Tanzania ina ushahidi mkubwa. Kwenye shindano la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 2,700 wa vijiji vipatavyo 170 mkoani Tanga walitumia vishikwambi kwa miezi 15 kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, wengi wao hawajawahi kukanyaga shule. Tarehe 15 Mei 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10. Kwa KKK, hiyo ndiyo njia. Ila mtoto wa darasa la nne ameshavuka hapo. Anataka kuunda, kubomoa, kuona kitu chake kikilia, na mtaala mpya ulioanza Januari 2024, unaojengwa juu ya umahiri, unadai hivyohivyo: mwanafunzi atende.

Kasoro zipo, na mnunuzi azijue. Kubwa kuliko zote ni lugha. Vipande vya maelekezo tulivyotumia vilikuwa vya Kiingereza, na hawa ni watoto wanaosoma kwa Kiswahili. Mwalimu alilazimika kuandika tafsiri ubaoni kipande kwa kipande. Hili linatibika, kwani Scratch, programu ya watoto iliyotengenezwa chuo cha MIT cha Marekani, tayari ina Kiswahili. Naililia micro:bit ipewe Kiswahili kamili leo, si kesho. Spika nayo ni ndogo, haiwezi kumwamsha aliyelala fofofo. Kwa kengele ya kweli utahitaji kuunga spika ya nje. Misumari ikibaki kwenye umeme muda wote inaliwa na kutu, kwa hiyo hamisha waya ulio kwenye tundu la volti 3 uupeleke kwenye tundu jingine lenye namba, kisha ielekeze kadi itume umeme pale tu inapopima. Na bei: huko nje kadi moja ni kati ya dola 15 na 20, bado usafiri na ushuru. Kwa darasa la watoto wengi, kadi kwa kila mtoto sahau. Sisi tuligawa kazi: huyu anabania nyaya, huyu anamimina, huyu anasoma namba, huyu anaandika, kisha wanabadilishana. Vurugu ilikuwepo, na nilipenda kila dakika yake.

Hukumu yangu ni hii. Kwa darasa la kwanza na la pili, subirini. Betri, balbu, waya na mikono ya mwalimu vinawatosha. Kwa darasa la nne hadi la sita, nunueni. Walimu wakuu na kamati za shule za Buguruni, Vingunguti na Ilala, msisubiri mpate za darasa zima. Anzeni na mbili, maana moja haina wa kuongea naye. Kishikwambi mwalimu anacho, misumari ipo Kariakoo, na masika hayako mbali.