Sikio, Ukucha na Wembe: Kuipima Feni ya Prosesa

Feni ya prosesa ichunguze asubuhi, kompyuta ikiwa imezimwa usiku kucha. Huku Iringa, hasa Juni na Julai, baridi hufanya nusu ya kazi ya fundi: feni iliyochoka huamka ikikoroma, ikakwaruza dakika mbili tatu, kisha ikatulia mafuta yake yakishapata joto. Mwenye mashine akirudi na kikombe chake cha chai anakuta kimya, anadhani imepona. Haijapona. Mkwaruzo wa baridi unaokwisha kwa joto ni sauti ya bushi iliyokaukiwa, na ukishaizoea hutaichanganya na nyingine.

Zipo nyingine mbili. Moja ni mlio mwembamba, kama chuma kinachosaga mchanga, usiobadilika hata mashine ipate moto namna gani. Hiyo ni beringi ya gololi iliyokwisha kuliwa, na mafuta hayawezi kuirudisha. Ya mwisho si ugonjwa wa feni hata kidogo. Ni uvumi wa upepo mwingi, kama pangaboi lililopelekwa namba ya juu kabisa, na maana yake ni kwamba prosesa ina joto na feni inakimbia kulifukuza. Wengi wanaonijia wakitaka feni mpya wana uvumi huu. Feni mpya wakifunga, nayo inakimbia vilevile.

Kabla ya kuhukumu, hakikisha mkosaji ni feni yenyewe, maana ndani ya kasha kuna pia feni ya pawasaplai, pengine ya nyuma, na diski. Chukua kalamu ya biki, itoe wino, weka ncha moja ya mrija sikioni na nyingine isogeze karibu na kila kinachozunguka. Au bonyeza taratibu kitovu cha feni kwa ncha ya kidole, usiguse mapanga, isimame kwa sekunde mbili. Kelele ikikatika, umempata.

Sasa, feni tulivu ni ipi? Kwa maoni yangu ni ile isiyo na kazi nyingi, si ile iliyoandikwa hivyo kwenye boksi. Feni ikishuka kutoka mizunguko 2,400 kwa dakika hadi 1,200, upepo wake unapungua nusu, lakini kelele inashuka takriban desibeli 15. Sikio la binadamu huhisi kushuka kwa desibeli 10 kama kelele imepungua nusu, kwa hiyo 15 ni nafuu kubwa. Kinachobaki ni kuliuliza bamba la mapezi lililo chini ya feni: wewe unaweza kuishi kwa nusu ya upepo?

Ndiyo maana kwa kompyuta za soketi ya LGA775, iliyoanza 2004, mimi huwa sitafuti feni. Natafuta kipoza, yaani bamba la mapezi pamoja na feni yake, kilichotengenezwa kwa prosesa yenye moto zaidi. Pentium 4 za kizazi cha Prescott zilifika wati 115. Core 2 Duo E6600 ya 2006 ni wati 65, na inakaa kwenye soketi ileile, kipoza chake kikishikwa na matundu yaleyale manne. Intel ilitoa vipoza vya mviringo ambavyo ukivitazama kwa juu vinafanana, lakini kimoja ni kirefu chenye moyo wa shaba nyekundu, kingine ni kifupi cha alumini tupu. Vigeuze. Ukiona duara jekundu katikati ya tako, hicho ndicho. Wauza mitumba ya kompyuta wengi huvitupa vyote kwenye boksi moja, na anayejua kugeuza ndiye anayeondoka na shaba. Kikifungwa juu ya prosesa ya wati 65, kinafanya kazi kwa uvivu, na uvivu huo ndio tunaoutafuta.

Beba rula. Kwenye LGA775 matundu ya kipoza yako kwenye pembe za mraba wa milimita 72. Kwenye soketi zilizofuata, 1156, 1155, 1150 na 1151, ni milimita 75. Milimita tatu hazionekani kwa jicho, na muuzaji atakuapia kwamba kinaingia.

Ukishakipata, kipime kwa mikono. Futa tako hadi ling'ae, kisha simamisha makali ya wembe mpya juu yake na uelekeze kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga ukipenya katikati, tako limebonyea, na pesti ya kupitisha joto itakayojaza shimo hilo haitalibeba kama chuma kinachogusana na chuma. Kwa vipoza virefu vyenye mabomba ya shaba yanayogusa prosesa moja kwa moja, pitisha ukucha kwa kukingama. Ukucha ukinasa kwenye mfereji kati ya bomba na alumini, mtengenezaji alikuwa na haraka. Mabomba hayo hayabebi joto kwa unene wa shaba yake. Ndani mna maji kidogo katika ombwe, yanachemka upande wa prosesa, mvuke unakwenda kwenye mapezi, unapoa na kurudi kuwa maji. Bomba lililopondwa au kukunjwa ghafla limeharibika hata kama linang'aa. Halafu shika pezi moja kwa vidole viwili ulitikise. Likicheza, halijashikana vizuri na bomba, na siku moja litaanza kutetema.

Feni nayo ishike kitovu. Kupanda na kushuka kidogo kufuata mhimili ni kawaida. Kuyumba kando ni bushi iliyopanuka. Ipige kwa kidole izunguke: njema hupungua taratibu na mwishoni hurudi nyuma kidogo kwa kuvutwa na sumaku, mbovu husimama ghafla kama iliyokanyagwa. Feni za Noctua ya Austria, zile za rangi ya maziwa na kahawia, ndizo ninazozitumia kama kipimo cha mkono wangu, ingawa kwa kompyuta ya zamani bei yake inaweza kukaribia ya mashine nzima.

Hesabu na nyaya. Waya wa nne hubeba amri ya mwendo, inayopiga mara 25,000 kwa sekunde, juu ya uwezo wa sikio letu. Ukifunga feni ya nyaya tatu kwenye mazabodi inayotoa amri kwa waya wa nne peke yake, feni itakwenda kasi yote mchana na usiku. Kuna kompyuta za kampuni pia, zikiwemo baadhi ya Dell OptiPlex za miaka ya LGA775, zenye plagi ya pini tano. Hizo tafuta feni ya mashine ileile.

Mwaka jana nililetewa kompyuta iliyokwisha badilishiwa feni mara mbili kwa fundi mwingine. Ilinguruma kama mashine ya kusaga. Niliitazama mazabodi kwa nyuma: pini tatu za kipoza zilikuwa zimepenya na kutanua miguu yake myeupe, ya nne ilikuwa inaning'inia tu. Tako lilikuwa limeinuka upande mmoja. Nilifuta pesti ya zamani kwa spiriti, nikaweka mpya kiasi cha punje ya choroko, nikabana pini kwa mshazari, mbili mbili, hadi kila moja ikalia tak. Feni ileile ilishuka ikawa mnong'ono. Iliniuma, kwa sababu mwenye mashine alikuwa ameshalipa mara mbili. Kwa hiyo usiikubali kazi ya fundi yeyote, nikiwemo mimi, kabla hujaonyeshwa pini nne kwa nyuma.

Mafuta? Feni ya bushi inayokoroma asubuhi bandua stika yake, toa kizibo kama kipo, tia tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yataganda, na dawa ya kupuliza ya kulegeza nati itayeyusha mafuta yaliyobaki na kukauka. Safisha ukingo kwa spiriti kabla ya kurudisha stika, la sivyo itabanduka na kuacha vumbi jekundu liingie. Hii ni nafuu ya miezi, na mteja aambiwe hivyo.

Mwisho ipe mashine kazi nzito dakika ishirini, kisha iache na usikilize feni inavyoshuka. Kwenye kipoza kizuri huteremka kwa mstari mmoja. Ikipanda na kushuka kila baada ya sekunde chache, rudi kwenye pini. Na feni ikinyamaza kweli, usiku utaanza kusikia diski, ambayo siku zote ilikuwa ikitetemesha kasha bila kusikika. Kata vipande vinne vya tyubu ya baiskeli, vitoboe, uvifunge kati ya diski na fremu kwenye skrubu zake.