Usidanganywe na Chuma cha Buti

Ukienda kutafuta buti la pikipiki, muuzaji atakugongea ncha ya buti la ujenzi: "Sikia chuma hicho!" Sawa, chuma kipo. Kiwango cha EN ISO 20345 huipima ncha hiyo kwa pigo la jouli 200, kama kilo 20 zikiangushwa toka mita moja. Ila barabarani hudondokewi na tofali. Mguu unaburuzwa kwenye lami au kubanwa chini ya pikipiki. Kiwango cha EN 13634 ndicho kinachopima hayo: msuguano, mkato na ugumu wa soli ikibanwa ubavuni. Nacho kina kasoro: kinga ya kifundo dhidi ya pigo ni hiari! Tafuta herufi IPA kwenye lebo. Hazipo? Basi kinga ya kifundo unauziwa kwa maneno tu, hata ngozi iwe nene vipi.