Fundi na Msanifu: Juu ya Nguo za Wamapuche

Katika maandishi mengi yahusuyo usanifu wa nguo baina ya tamaduni, wanawake wa Kimapuche wa kusini mwa Chile husifiwa kwa wepesi wa mikono na uaminifu kwa mila. Ubunifu huachiwa msanifu atokaye mjini na karatasi yake. Mgawanyo huo hausimami mbele ya kitanda chenyewe cha kufumia.

Kitanda hicho, kiitwacho witral, husimama wima. Katika ufundi wa ñimin, michoro hutokana na nyuzi za mtande, yaani zile ziendazo juu na chini. Mshindio hufichika ndani ya nguo. Basi upana, rangi na mpangilio wa nyuzi huamuliwa siku ya kutanda, kabla mshindio wa kwanza haujapita. Kisha mfumaji huhesabu nyuzi na kuchagua zipi ainue, safu baada ya safu. Msanifu ajaye kazi ikiwa nusu, akaomba nyekundu igeuzwe kijani, haombi jambo dogo: aomba nguo nyingine.

Tuchukulie trarüwe, mshipi wa mwanamke. Juu yake mara nyingi huonekana lukutuwe, umbo ambalo jina lake latokana na kitenzi cha kupiga magoti. Mahali pake ni kiunoni. Likihamishiwa kwenye mto wa kukalia, sufu ni ileile na hesabu ni ileile, lakini usemi umepotoshwa, pengine umenyamazishwa.

Hii si kusema kwamba mila isiguswe. Sufu ya kondoo yenyewe ilikuja na Wahispania katika karne ya 16. Kabla ya hapo zilisokotwa nywele za wanyama wa jamii ya llama. Baadaye rangi za viwandani nazo zilipokewa. Waliopokea, wakachagua na kukataa, ni wafumaji wenyewe. Lugha yao humwita mfumaji düwekafe, na kiishio -fe humtaja mtu ambaye tendo ni kazi yake. Kiswahili nacho kina fundi, neno lililo jamaa ya kufundisha. Atakayelifasiri kuwa kibarua amelipunguza.

Kwa hiyo lebo imtajayo msanifu kwa jina lake, na mfumaji kwa kabila lake tu, haina haki ya kuitwa ya tamaduni mbili, hata kama malipo yalikuwa mema.